Mtutu Usiotobolewa

Saima alizaliwa katika nyumba hii na amefia katika nyumba hii. Katikati alikamua ng'ombe, akazaa watoto wawili, akaimba sauti ya pili kanisani, akanivumilia mimi. Hayo wanawake wengi wa Kainuu, mkoa wetu huu wa misitu na baridi, wameyafanya. Ninaloandika hapa ni la bunduki ya baba yake, maana kuna watu wanalisimulia vibaya. Wanasema Saima alikuwa mzee aliyechanganyikiwa kidogo. Hakuchanganyikiwa.

Baba yake, Juho, alikuwa mgambo wa kijiji. Vita vilipokwisha, mwaka arobaini na nne, amri ikatoka: mgambo umevunjwa, bunduki zirudishwe. Wenzake wakarudisha. Juho akaivingirisha yake ndani ya turubai lililopakwa mafuta ya nguruwe, akaipigilia ndani ya ukuta wa ghala la nyasi. Saima alikuwa na miaka kumi. Ndiye aliyemshikia taa. Baba alimwambia neno moja tu: "Hii hawakunipa. Niliinunua kwa ngozi za kindi." Hakuitaja tena mpaka anaingia kaburini. Saima naye hakuitaja, hata kwangu, na kitanda tulilala kimoja.

Ikatoka yenyewe. Ukuta wa ghala ulioza, nikaanza kuubomoa, nikakuta turubai. Nikamwita. Alikuja na ndoo mkononi, akasimama.

"Hiyo ni ya baba," akasema.

"Wewe ulijua?"

"Nilishika taa."

Tukaiweka juu ya meza ya jikoni, juu ya gazeti. Ilikuwa ile ya masikio ya mbwa. Tunaiita hivyo kwa sababu nundu ya kulengea, kule mbele kabisa, imelindwa na vyuma viwili vilivyosimama kando kama masikio. Kutu ilikuwa imekaa kila mahali. Mbao yake, ule mwili wa mti unaoushika mtutu, ilikuwa nyeusi kwa mafuta yaliyoganda. Komeo la chuma, lile la kuingizia risasi, halikusogea hata nilipolipiga kwa ngumi.

Nilipiga simu polisi mimi mwenyewe, kwa sababu Saima alisema tusiifiche mara ya pili. Akaja polisi Jarkko Moilanen. Jarkko ni mtoto wa jirani, mama yake na Saima walipika mkate pamoja. Akanywa kahawa, akala mkate wa hiliki, kisha akavua kofia.

"Mama Saima, kesi hakuna. Mmenipigia wenyewe. Lakini haiwezi kukaa hivi. Tunautoboa mtutu, tunauziba, halafu mnaitundika ukutani. Inapendeza, hapo juu ya saa."

"Jarkko, nikikutoboa wewe, nikakuziba, nikakutundika juu ya saa, utapendeza?"

Jarkko alicheka, ila Saima hakucheka, basi akaacha.

Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine.

"Ipo, mzee. Kibali kinatolewa kwa bunduki inayotumika, kwa mtu anayeitumia. Mkuu wetu kule mjini anataka aone matokeo ya uwanja wa shabaha. Risasi kumi, mita mia na hamsini, pointi themanini katika mia. Kabla mwaka haujaisha. Na bunduki ibaki vilevile. Mtutu uleule, vilengeo vilevile, darubini hakuna."

"Apige nani?" akauliza Saima.

"Anayeomba kibali."

"Basi ni mimi."

"Mama, una miaka sitini na saba."

"Na bunduki inakaribia sabini. Tutaelewana."

Jarkko aliniangalia mimi, kama watu wanavyomwangalia mume wakitaka msaada. Nikamwongezea kahawa.

Majira ya kiangazi yale yote nyumba yetu ilinuka mafuta ya taa. Saima alilifungua komeo kwa kuliloweka, si kwa nguvu. Mtutu aliumwagia maji ya moto na sabuni, akausugua kwa brashi ya shaba, akaumwagia tena, mpaka maji yaliyotoka mekundu yakatoka ya kijivu, kisha meupe. Akaupeleka kwa Oiva Karppinen aangalie ndani.

Oiva ndiye anayesimamia uwanja wa shabaha nyuma ya kiwanda cha mbao. Mpigaji mzuri, mdomo mbaya. Aliuelekeza mtutu kwenye dirisha, akafumba jicho.

"Bi Saima, hili ni bomba la jiko."

"Michirizi ya ndani ipo au haipo?"

"Ipo. Imeliwa, lakini ipo. Tatizo ni hapa mdomoni." Akamwonyesha kwa ukucha. "Watu wamesafisha kwa fimbo ya chuma miaka na miaka, mdomo umepata pengo upande mmoja. Risasi ikitoka, inasukumwa pembeni. Itakwenda inakotaka yenyewe."

"Kuna namna?"

"Ipo kwa mwenye subira. Ukipata themanini na hii, mimi naingia ziwani Januari, kwenye tundu la barafu."

"Unaingia kila Januari, Oiva. Ahidi kitu usichokipenda."

Namna yenyewe Oiva alimwonyesha, na sitamnyima haki yake. Unachukua skrubu ya shaba yenye kichwa cha mviringo, unaipaka uji ule wa kusagia vali za trekta, unaizungusha mdomoni mwa mtutu kwa vidole. Taratibu, huku unageuza mkono. Saima aliizungusha akiwa amekaa barazani, anasikiliza redio. Kila akipita jirani anauliza: "Unasaga kahawa, Saima?" Naye anajibu: "Ndiyo, unataka?" Mdomo ukawa duara tena, na mng'ao wake ukawa sawa pande zote.

Akaenda uwanjani kujaribu. Matundu matano yalikaa kwenye karatasi kama wageni wasiojuana. Oiva alikuja na kipande cha gazeti, akakipitisha kati ya mtutu na mbao. Kikakwama katikati.

"Mbao inausukuma mtutu," akasema. "Imelewa mafuta, imevimba. Mtutu ukipata moto unataka kusogea, mbao haitaki. Wanagombana, na wewe ndiye unayelipa."

Basi mafuta yalitakiwa yatoke ndani ya mbao. Sisi huku tuna njia moja. Unaifunga mbao kwa magazeti, unailaza kwenye daraja la juu la sauna, kile kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, unawasha jiko polepole. Moto mkavu, maji hakuna. Mafuta yanatoka jasho, gazeti linayanywa, unabadilisha gazeti. Saima alifanya hivyo siku kadhaa, na mbao ikaanza kurudi rangi yake, manjano kama siagi. Ni betula, ule mti wa gome jeupe. Ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe nilipita mara nyingine kuiangalia tu.

Jumamosi moja nilikuwa ziwani natoa nyavu. Jarkko akaja kukagua kama bunduki inafungiwa kabatini. Saima alikuwa kwenye banda la zana ananoa patasi. Sasa, hapa kwetu, mgeni akija Jumamosi na moshi wa sauna unafuka, kuna neno moja linalotoka. Halipiti kichwani. Linatoka mdomoni lenyewe, kama mtu akipiga chafya.

"Jarkko! Sauna iko moto, karibu uoge."

Na Jarkko, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akaenda. Akavua nguo. Akaona gazeti kule juu kwenye kona, akadhani ni la kukalia. Akachukua kata, akamwagia maji mawe ya moto ya jikoni mwa sauna. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgeni asipomwaga maji anaonekana anaringa.

Mimi nilikuwa nafunga mashua niliposikia sauti ya Saima.

"Jarkko, toka!"

"Mama, niko uchi!"

"Nimekuona uchi kabla hujaota meno. Toka!"

Akatoka kwenye mawingu ya mvuke amejifunika kwa tawi la betula. Saima alimpita kama hakuna mtu. Akaibeba mbao nje, akafungua gazeti. Ncha ya mbele ilikuwa imeshaanza kupinda, na kufikia Jumatatu ilikuwa imepinda juu na kushoto, kama skii ya mtoto, ule ubao wa kutelezea theluji.

Jarkko alirudi Jumatatu hiyo, amevaa sare. Alikaa jikoni bila kugusa mkate.

"Mama, nimefikiria. Kosa ni langu. Nitamwambia mkuu kwamba umepiga, umefaulu. Oiva atakubali. Nani atajua?"

Saima alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

"Kwa hiyo bunduki ya baba yangu itaishi kwa uongo wako wa kata tatu za maji."

"Nataka kusaidia."

"Najua. Kula mkate. Nitapiga, na wewe utaandika ulichokiona. Ukiandika zaidi ya ulichokiona, nitakwenda mjini mwenyewe kukusema."

Akala mkate.

Siku ile nilimwambia Saima kwamba pengine yatosha. Nilisema taratibu. Nilisema juu ya saa si mahali pabaya. Aliniangalia.

"Tauno, baba hakuificha ile bunduki ili apigane na mtu. Aliificha kwa sababu walisema toa, na yeye akasema hapana. Ndilo neno pekee alilowahi kumwambia mkubwa yeyote. Maisha yake yote mengine alisema ndiyo. Unataka nilitoboe hilo?"

Nikatoka nikapasua kuni.

Mbao iliyopinda hainyooki ikakaa. Lakini jeshi letu zamani lilipata shida hiyohiyo. Mbao ndefu ya kipande kimoja ikinyeshewa inajikunja, inausukuma mtutu. Baadaye wakaanza kuzitengeneza kwa vipande viwili, vimeshikana katikati kwa meno, kama vidole vya mikono miwili vikiingiliana. Kila kipande kinavuta upande wake, hakuna kinachoshinda. Saima aliamua kuikata ncha ile na kuunga nyingine kwa vidole hivyohivyo. Jarkko akaulizia kwa mkuu, jibu likaja kwamba mbao si mtutu, aendelee.

Alitakiwa apate betula kavu. Kavu kweli, ya miongo. Dukani wanauza iliyokaushwa juzi. Alizunguka nyumba nzima anagonga vitu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kiti. Mlango wa kabati. Mwishowe nikamsikia chumbani.

Ubao wa kitanda chetu, ule wa upande wangu, ulikuwa wa betula. Aliuchonga baba yangu tulipooana.

"Saima, mimi nitalala wapi?"

"Katikati. Kitanda ni kipana."

"Na ukimaliza kitanda, utaanza kunikata mimi?"

"Wewe huna mahali palipokauka."

Akaukata. Alichonga meno yale kwa patasi na msumeno mdogo wa baba yake, akiyapaka masizi ya mshumaa, anayaingiza, anayatoa, anaangalia masizi yamehamia wapi, anakwangua hapo tu. Wiki nzima kwa kiungo kirefu kama kiganja. Akapaka gundi, akakaza kwa jiliwa, akakataza mtu kukanyaga sakafu kwa nguvu. Kisha mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa kiganja kitupu mpaka mbao ikapata joto.

Chini ya mtutu, pale unapokaa juu ya mbao, panatakiwa pasiwe na mchezo hata wa unywele. Panawekwa vipande vyembamba vya shaba. Alivikata kwenye birika la kahawa la mama yake, lile la shaba, tulilolitumia kila asubuhi. Hapo nilikasirika kidogo. Kahawa ya birika la bati haina ladha. Akasema nitazoea. Sijazoea.

Oktoba akaenda kupiga kwa hesabu, Jarkko na Oiva wakiangalia. Akalala chini juu ya ngozi ya paa wa theluji, akaweka miwani, akapiga kumi. Oiva alikwenda mpaka kwenye karatasi, akarudi polepole.

"Sabini na moja."

"Vizuri sana, mama," akasema Jarkko. "Kwa kweli..."

"Ni themanini ulizosema."

"Ndiyo."

"Basi si vizuri sana."

Bega lake liligeuka rangi ya zabibu. Nilimpaka dawa ya ng'ombe, ndiyo tuliyokuwa nayo. Jumapili iliyofuata sabini na tano. Nyingine sabini na mbili, upepo. Matundu sasa yalikuwa yanakaa pamoja, ila kila mtutu ukipata moto yalipanda juu, moja baada ya jingine, kama ngazi. Usiku alikaa mezani anaigeuza. Akatoa kipande kimoja cha shaba, akaweka chembamba zaidi. Akakata pete ya manyoya kutoka kwenye kiatu changu cha baridi, akailoweka mafuta, akaivisha mtutu karibu na mdomo ili ushikwe kwa upole. Sikuuliza kiatu kipi. Niliona asubuhi.

Kijijini watu walianza maneno. Dukani mwanamke mmoja alimuuliza, mbele yangu, "Saima, hivi vita vinaanza tena? Hatujasikia."

"Vinaanza. Wewe jifiche, mnyonge ndiye anayepigwa kwanza."

Jumapili ya mwisho ya Novemba, baridi ilikuwa kali hata pua zinashikana ndani. Ziwa limeshafunga. Oiva alikuwa amewasha jiko kwenye kibanda cha klabu.

"Ingieni mnywe kahawa kwanza. Ingiza na bunduki, mikono ipate joto."

"Bunduki haiingii," akasema Saima. "Ikitoka baridi ikaingia joto itatoka jasho lote. Wewe unajua."

"Najua. Nilikuwa naangalia kama unajua."

Akanywa kahawa yake nje, amesimama karibu na bunduki, mvuke unamtoka mdomoni. Mimi nikasimama naye. Jarkko akaona haya kukaa ndani peke yake, akatoka pia.

Akalala chini. Upande wake wa kulia alikuwa Oiva na darubini ya kuangalia karatasi. Alipiga, akavuta komeo, akapumua, akasubiri. Alikuwa anasubiri kwa muda mrefu kati ya risasi na risasi, mpaka Jarkko akaanza kukanyaga miguu. Risasi ya saba Oiva akaguna.

"Pointi tatu. Imekwenda chini kabisa."

Saima hakuinua kichwa. "Hiyo ilikuwa ya mkuu wenu wa mjini. Zilizobaki ni zangu."

Akapiga zilizobaki. Oiva akaenda mpaka kule, safari hii na Jarkko, nikawaona wameinama kwenye karatasi vichwa vimegusana. Walirudi Jarkko ameishika karatasi mbele kama mtu anayebeba keki.

"Themanini na tatu, mama."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

"Basi andika."

Kisha akaniambia nimsaidie kuinuka, kwa sababu magoti yalikuwa yamegoma. Nilimwinua. Alikuwa mwepesi. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu, ingawa yeye alisema ni baridi.

Kibali kilikuja kabla ya Krismasi. Alikipiga misumari kwenye mlango wa ghala, nje, wapita njia wasome. Majira yote ya joto yaliyofuata alipiga kila Jumapili, na Oiva akaacha kumwita Bi Saima, akamwita Saima tu, kama anavyowaita wapigaji. Aliwatengenezea wengine wawili mbao zilizopinda. Moyo ukamchukua mwezi Machi baada ya hapo, ardhi bado imeganda, ikabidi wachimba kaburi wawashe moto juu yake siku nzima kwanza.

Sitaandika habari za mazishi.

Mwezi Mei Jarkko alikuja. Kofia mkononi tangu mlangoni. Nikajua.

"Mzee Tauno, kile kibali kilikuwa chake. Kimekwisha pamoja naye. Siyo mimi ninayetaka."

"Sheria ni ileile?"

"Ileile. Anayeiomba ndiye anayepiga. Wewe hujashika bunduki tangu jeshini, mzee. Na macho yako... Tunaweza kuitoboa vizuri, kitundu kidogo, hakionekani. Oiva anasema pia..."

"Oiva aseme nikiwa mbele yake."

Nilifanya kazi ya kusukuma magogo mtoni maisha yangu yote. Jeshini nilikuwa mpishi. Nina miaka sabini na mbili na jicho la kulia limeingiwa na ukungu, kwa hiyo napigia la kushoto, na komeo liko upande wa kulia, na mikono inapishana kila mara. Jumapili ya kwanza nilipata thelathini na nane. Oiva aliniletea karatasi bila utani, na kwake hilo ni kama kulia.

"Tauno, hapa pana matundu saba tu."

"Matatu yamekwenda wapi?"

"Msituni."

"Hayakuumiza mtu?"

"Hapana."

"Basi nitarudi Jumapili ijayo."

Nimerudi. Na ile iliyofuata. Jana nilipata hamsini na mbili. Jarkko anakuja na chupa ya kahawa sasa, anaketi kwenye kisiki, anaandika anachokiona, haongezi. Mbao ile haijasogea, mvua imeipiga mara mbili na haijasogea. Mwaka haujaisha. Ukiisha, nitaomba mwaka mwingine, na wakininyima watakuja kuichukua wenyewe nikiwa nimekaa mlangoni, na sitasimama.